Haki ya Kuku Kiguru

Katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang, ng'ombe akivunjika mguu hapana mtu aulizaye kama yafaa kuhangaika. Jirani huitwa, mabanzi huchongwa, majani hukatwa na kuletewa mgonjwa pale pale alipolala, na wazee hukaa kando yake wakifanya shauri kana kwamba ni mtu wa ukoo. Lakini kuku akivunjika mguu, neno la kwanza lisikiwalo ni hili: sufuria i wapi? Nasi twataka kulitazama neno hilo kwa utaratibu. Je, kuku aliyelemaa, ambaye aweza kupona kwa kuuguzwa, ana haki yo yote kwetu? Au kumwuguza ni mchezo wa watoto tu, na mtu mzima aonekanaye akimfunga kuku kitambaa mguuni astahili kuchekwa na jirani zake?

Sababu ya kuku kudharauliwa si ngumu kuijua. Ng'ombe ndiye heshima ya mji. Kwa ng'ombe mtu huoa, hulipa deni, na huweka urafiki na nyumba ya mbali kwa kumpelekea mnyama amlishe. Kuku hana kazi hizo. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, na aliye wake mara nyingi ni mama wa nyumba, au bibi kizee, au mtoto. Basi twaona kwamba dharau ile haimwangukii kuku peke yake, bali humwangukia na mwenyewe pia. Lakini tuulize: chumvi ya nyumba hununuliwa kwa nini, na sabuni, na madaftari ya shule? Nyumba nyingi za kwetu zajibu kwamba ni kwa mayai. Hatusemi kwamba ng'ombe na kuku ni sawa. Mtu asemaye hivyo hajapata kuwa na ng'ombe. Twasema tu kwamba tofauti ya bei si tofauti ya maumivu.

Hapo hutokea mtu akasema: Maumivu gani? Kuku ana akili gani hata aumwe kama sisi? Fikara hii ni ya kale, wala haikuanza kwetu. Mfaransa mmoja mwenye hekima nyingi, René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637 alifundisha kwamba wanyama ni kama mitambo, waenda kama saa iendavyo kwa magurudumu yake, bila ya roho ya kufikiri ndani yao. Wengi walimfuata, maana mafundisho hayo humpa mtu usingizi mwema. Lakini mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa habari ya jaribio ambalo kila mfugaji angefaa kulijua. Waliwachukua kuku wa nyama, wengine wazima na wengine wenye kuchechemea, wakawawekea vyakula vya namna mbili vilivyotofautishwa kwa rangi. Chakula kimoja kilitiwa dawa ya kutuliza maumivu, na cha pili hakikutiwa kitu. Kuku wenye kuchechemea walikula chakula chenye dawa kuliko wazima walivyokila, na kadiri ulemavu wao ulivyozidi ndivyo walivyokizidisha. Mtambo hautafuti dawa. Saa ikiharibika haichagui chombo chenye kuipa nafuu.

Yuko na mwenye hekima mwingine, Mjerumani, jina lake Immanuel Kant, ambaye hakukubali ukatili, lakini sababu yake yatushangaza. Alifundisha kwamba hatuna wajibu kwa wanyama wenyewe. Ila mtu amtendaye mnyama ukatili hujizoeza ugumu wa moyo, na kesho atawatenda watu vivyo hivyo. Kwa hiyo twamhurumia mnyama kwa faida ya wanadamu. Neno hili lina ukweli ndani yake, na sisi walimu twauona kila siku: mtoto azoeaye kuwang'oa panzi miguu si mtoto wa kuachiwa ndugu yake mdogo. Lakini halitoshi. Kama kuku hana haki yo yote, na kumwuguza ni mazoezi ya moyo tu, basi tungeweza kuchonga kuku wa mti, tukamfunga mabanzi, tukamwekea maji, na moyo ungepata mazoezi yale yale. Hapana afanyaye hivyo, na afanyaye tungemwona amerukwa na akili. Twamwuguza kuku kwa sababu kuku mwenyewe aumwa. Moyo wetu ukilainika katika kazi hiyo, ni vema, lakini hiyo ni nyongeza.

Basi wajibu huo watoka wapi? Mtu akipita porini chini ya mlima Hanang, akamwona kwale mwenye mguu uliovunjika, hatumlaumu akishika njia yake. Kwale hakumjua, wala hakumtegemea; mguu wake ni shauri la nyika na nguchiro. Lakini kuku wa nyumbani si kwale. Sisi ndisi tuliomweka. Kizazi kwa kizazi tumemfanya awe kiumbe ajuaye mlango wetu kuliko ajuavyo pori. Jioni huja mwenyewe, huingia chini ya dari yetu, na katika nyumba za zamani za Wairaqw watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Yeye ameacha kujitunza kwa kadiri ile ile tuliyochukua sisi kumtunza. Aliyepokea amana hawezi kusema siku ya taabu kwamba amana ile haimhusu. Tena katika kitabu cha Mithali, sura ya 12, mwenye haki hutambulikana kwa jinsi aangaliavyo uhai wa mnyama wake, na kila asomaye ataona kwamba hapo hapakutajwa mnyama wa bei kubwa tu.

Kisha liko jambo jingine, nalo twalisema bila kumficha mtu. Mara nyingi mguu ule umevunjwa na mikono yetu wenyewe. Tazama njia ziendazo minadani: kuku wamefungwa miguu kwa kamba ya katani, wananing'inia kichwa chini katika usukani wa baiskeli au ubavuni mwa pikipiki, saa mbili, saa tatu, na kila shimo la njia lawatikisa. Wakifika wakafunguliwa, mmoja hawezi kusimama, na mwenye kuuza husema: Amechoka tu. Tenga la fito, lenye majani chini, lachukua kuku wengi bila ya kuwaumiza, nalo husukwa kwa mikono isiyo na gharama. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yenye kukataza kumtesa mnyama bila sababu, na kuku yumo katika sheria hiyo kama ng'ombe alivyomo. Lakini sheria haikai njiani kila asubuhi. Tenga laweza kuwako.

Tuliona habari moja katika nyumba ya upande wa Dongobesh. Binti wa miaka kumi hivi alipewa kifaranga na bibi yake. Akamlea mpaka akawa tetea mwenye madoadoa, akamwita Kanga, na kwa mayai yake ya kwanza akanunua daftari. Jioni moja, mifugo ikirudi, maksai akamkanyaga Kanga mguu, ugoko ukavunjika. Usiku ule ule mgeni alikuwa amefika. Baba wa nyumba akasema: "Mwanangu, huyu amekwisha kuwa kiguru. Atakufa bure. Heri mgeni wetu amle."

Mtoto akajibu kwa adabu, lakini akajibu: "Baba, kuku ni wangu. Bibi alinipa."

Hapa kila mtu mwenye kuwajua watu wa kwetu ajua jinsi neno hilo lilivyokuwa zito. Kumnyima mgeni ni aibu, na mtoto kumpinga baba yake mbele ya mgeni ni aibu ya pili. Lakini tuangalie vizuri. Katika banda mlikuwa na majogoo wawili wazima, mali ya nyumba. Usiku uliotangulia hapana aliyefikiri kumchinja Kanga, maana alijulikana ni wa mtoto. Ni nini kilichobadilika? Mguu tu. Ulemavu wa kuku uligeuka kuwa ruhusa ya kuchukua kisicho chetu. Wasomaji wetu waijuao habari ya nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi, ya tajiri aliyefikiwa na mgeni akamwacha kondoo wake mwenyewe na kumtwaa yule mmoja wa maskini, wataona kwamba habari ile haikuisha Yerusalemu. Mgeni yule, naye alikuwa mzee mwenye busara, ndiye aliyeikata kesi. Akasema kwamba kwake ugali kwa maziwa ya mgando ni karamu, tena nyama ya usiku yamsumbua tumbo. Kama tumbo lake lilikuwa na ugonjwa huo kweli, hatukumwuliza.

Sasa tuseme habari ya kuuguza kwenyewe, maana huruma bila maarifa huua kama ukatili. Kwanza kuku akamatwe kwa upole, jioni, gizani, kwa kuwa wakati huo hatapatapi. Afungwe mbawa kwa kitambaa, kisha mguu upapaswe toka pajani hata kuchani. Pengine hakuna kilichovunjika: ni uzi au unywele uliojizungusha kidoleni mpaka kidole kikavimba, nao hukatwa kwa wembe, kazi ikaisha. Pengine chini ya unyayo pana uvimbe wenye kigaga cheusi. Huo ni usaha ulioingia kwa jeraha dogo, na hutakiwa kulowekwa katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kusafishwa, na kufungwa kitambaa safi. Pengine magamba ya mguu yameinuka na yana unga mweupe: huo ni utitiri, na mafuta ya kupaka yakirudiwa kwa siku kadhaa huwafisha wadudu hao kwa kuwaziba pumzi.

Lakini mfupa ukiwa umevunjika katika ugoko, mahali pasipo manyoya, na ngozi haikupasuka, yapo matumaini mengi. Unyoshwe taratibu hata ulingane na mwenziwe. Uzungushwe pamba au kitambaa laini, kisha mabanzi mawili ya mwanzi au ya mti mwepesi yawekwe huku na huku, yafungwe kwa vipande vya nguo, yasikazwe mno. Siku ya pili vidole vitazamwe: vikiwa vya baridi au vimevimba, kifungo kilegezwe mara moja, maana mguu ukikosa damu utaoza. Paja likivunjika mabanzi hayashiki. Hapo hufaa kumweka mahali pembamba asiweze kutembea, na kuuacha mwili ufanye kazi yake. Mifupa ya ndege huunga upesi kuliko yetu, nayo wiki 3 hivi mara nyingi hutosha. Mfupa uliotokeza nje ya ngozi ni shauri jingine, na bwana mifugo aitwe, au kisu kitumike mapema. Vidonge vya watu visitolewe kwa kukisia. Tena kuku akipewa dawa, na iulizwe ni siku ngapi mayai yake na nyama yake visiliwe.

Mgonjwa apewe tenga lenye majani makavu, mbali na jogoo na mbali na wenziwe wenye kumdonoa. Mtu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichungua kuku tangu utoto wake, na katika miaka ya 1920 akawaeleza wataalamu kwamba katika kila kundi kuna daraja: wa kwanza huwadonoa wote, wa mwisho hudonolewa na wote. (Nchi hiyo ya Norway ndiyo iliyotuletea wamisionari walioanzisha hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, twaona wana mkono mwema kwa wagonjwa na kwa kuku pia.) Kuku akiwa dhaifu hushushwa daraja, na akiondolewa siku nyingi hurudi kama mgeni. Kwa hiyo tenga lake liwekwe mahali wenziwe wamwone bila ya kumfikia. Maji yawe karibu na mdomo wake, katika chombo kizito kisichopinduka. Chakula kiwe chenga za mahindi, mtama, mchicha, na dagaa kidogo wakipatikana. Maganda ya mayai yakaangwe kidogo, yatwangwe, apewe. Maana katika ganda la yai moja mna gramu 2 hivi za chokaa ile ijengayo mifupa, na kuku atagaye akiikosa chakulani huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Ukimwona ameacha kutaga katika ugonjwa wake, usimlaumu. Anajenga nyumba kabla ya kuipaka rangi.

Lakini si kila kuku asiyesimama aweza kuponywa. Kuku kijana akilala mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, na mfupa haukuvunjika, huenda ni ugonjwa ule ulioelezwa mwaka 1907 na mganga wa mifugo wa Hungaria, József Marek, nao wajulikana hata leo kwa jina lake. Hauna dawa, chanjo yake hupewa kifaranga siku ile aanguliwayo. Shingo ikipindika, mbawa zikilegea, na kinyesi kikiwa cha kijani, huo ni mdondo, na hapo kumweka mgonjwa ndani pamoja na wengine ni kuwahukumu wote. Chanjo ya mdondo, ile ya tone moja katika jicho, hutengenezwa hapa hapa Tanzania, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Katika magonjwa kama hayo kisu ndicho huruma. Twalisema wazi, kwa kuwa wako watu wema wasioweza kumaliza mateso ya mnyama kwa sababu machozi yao wenyewe yawauma kuliko maumivu yake. Tena liko kosa lililo baya zaidi: kuona kundi limeanza kufa, kisha kuwafunga waliosalia upesi na kuwapeleka mnadani. Mwuzaji apata fedha kidogo, na vijiji vitano vyapata mdondo.

Basi neno huruma lina pande mbili, na ndiyo sababu ni jepesi kutumiwa vibaya. Mtu aweza kusema, "Namchinja kwa kumhurumia," na akawa anasema kweli. Na mwingine akasema maneno yale yale, kumbe ahurumia tumbo lake. Kipimo chetu ni hiki: kama mguu ule ungekuwa wa maksai wako, na matumaini ya kupona yakawa yale yale, ungesema neno lile lile?

Tutaulizwa: na njaa je? Miaka ya ukame huja, na mahindi hayapewi kuku wakati watoto wanalala bila kula. Swali hili ni la haki, wala hatulijibu kwa maneno matamu. Tufanye hesabu. Kuku hula gramu 100 hivi kwa siku, na kwa wiki 3 ni kilo 2 na kidogo. Nyumba ambayo kilo 2 za mahindi ndizo zitenganishazo mtoto na njaa, na imchinje kuku, na hapana wa kuilaumu. Vivyo hivyo tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe yaliposhuka toka mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa, hapakuwa na mtu ambaye angeuliza habari za kuku kabla ya kuwatafuta watoto wa watu topeni. Mwanadamu ni wa kwanza. Lakini siku nyingi si siku ile, na nyumba nyingi, kwa rehema ya Mungu, hazimo katika hesabu ile ya kilo 2. Mwenye kunywa pombe Jumamosi kwa bei ya debe la mahindi, kisha Jumatatu akasema chakula hakimtoshi kuku mgonjwa, hakutaja njaa yake ila amejificha nyuma ya njaa ya wengine.

Swali la mwisho ndilo gumu, nalo tuliulizwa na kijana mmoja wa darasa la juu. Alisema: "Mwalimu, si unafiki kumponya kuku kwa wiki 3, kisha kumla siku ya Krismasi?" Twamsifu kwa kuuliza. Jibu letu ni kwamba kisu kikali kwa dakika moja si sawa na maumivu ya siku ishirini. Aliyekubali kufuga kwa ajili ya kula hakukubali kutesa, naye anadaiwa siku njema kati ya yai na sufuria. Anayemwuguza kuku hamwahidi kwamba hatakufa. Amwahidi kwamba akiwa katika ulinzi wake hataumia bure. Lakini mtoto anapokuwa amempa kuku jina, pameingia na ahadi nyingine, si kwa kuku tu bali kwa mtoto, na ahadi hiyo baba hawezi kuifungua peke yake.

Kanga alifunguliwa mabanzi siku ya 22. Kwanza alisimama kwa mguu mmoja, akauning'iniza wa pili kama asiyeuamini. Baada ya wiki moja alikuwa akiparua jaani, ingawa asubuhi za baridi alichopea kidogo. Mwaka ule aliatamia akaangua vifaranga 9, mwewe akachukua 3. Krismasi ilipokaribia, baba alimwita binti yake akamwuliza, kwa utaratibu, kama mtu aulizavyo mwenye mali. Mtoto akafikiri, akasema kwamba katika vifaranga wa Kanga wamo majogoo wawili waliokwisha kunenepa, nao wachinjwe, tena mmoja apelekewe bibi. Kanga aachwe. Tulipomwuliza kwa nini majogoo ndiyo na mama yao siyo, hali wote ni kuku, alitutazama kwa mshangao, akajibu kwamba majogoo hajawahi kuwaambia kitu.